Uyoga wa kijani nilioonyeshwa leo

Jamani, leo nimeuona kwa macho yangu ule uyoga unaoua watu huku Ujerumani, kwa Kiingereza death cap (Amanita phalloides).

Jirani yangu, bibi anayeokota uyoga tangu utotoni, alinipeleka msituni nje ya Göttingen. Mvua za Oktoba zimelowesha majani yote.

Ulikuwa chini ya mwaloni. Kofia ya kijani kilichofifia, inang'aa kidogo. Mzuri kweli kweli.

Bibi hakuukata. Alichomeka kisu ardhini, akafukua taratibu, akauinua mzima.

Pale kwenye kitako, ndani ya udongo, kulikuwa na kifuko cheupe kilichopasuka kama ganda la yai. Juu ya shina, pete nyembamba. Chini ya kofia, matamvua (vile vipande vyembamba vilivyopangana) meupe pe.

Kile kifuko nimekitazama sana. Ukikata shina juu juu, alama hiyo inabaki ardhini, nawe hujui umebeba nini.

Sumu yake haitoki kwa kupika wala kwa kukausha. Kutapika na kuhara huanza saa nyingi baada ya kula, mara nyingi 6 hadi 12. Kisha mgonjwa hupata nafuu, kumbe ini linaharibika.

Mwaka 2015 wakimbizi kadhaa waliula hapa Ujerumani, wakidhani ni uyoga wa kwao. Hilo linaniuma mno.

Ndugu zangu wa Iringa, Songea na Tabora, mliofundishwa porini na mama na bibi zenu: ninyi mnautambuaje ulio mbaya? Mnafukua hadi kitakoni? Niandikieni hapa chini.