Kayaki ndani ya ukungu: kabla hujamfuata sangara alfajiri

Anayevua kwa kayaki upande wetu wa Ziwa Viktoria, hapa Uganda, hupenda kuingia majini saa 11 alfajiri. Maji yametulia, sangara bado anakula, na upepo wa mchana haujaamka. Tatizo ni kwamba saa hiyo ndiyo ya ukungu, na ndiyo saa boti za mukene, yaani dagaa wa ziwani, zinarudi mwaloni baada ya usiku mzima wa taa, kila moja ikikimbilia wachuuzi wanaosubiri.

Wageni wa mchezo huu huogopa kupotea. Mimi naona kupotea ni jambo dogo: ziwa lina ukingo, na jua litatoka. Kinachoua ndani ya ukungu ni kugongwa. Piga hesabu. Boti ya mbao yenye injini ya farasi 40, ikienda kilomita 30 kwa saa, hukata zaidi ya mita 8 kila sekunde. Ukungu ukikuachia kuona mita 50, una sekunde 6 tangu uione hadi ikufikie. Kayaki ya mita 4 iliyobeba nanga, boksi la barafu na fimbo mbili za kuvulia majini huigeuzi kwa sekunde 6. Nahodha naye amekaa nyuma kabisa, mngurumo wa injini masikioni, na omo imenyanyuka mbele ya macho yake. Wewe umekaa usawa wa maji. Hata mchana mweupe anakuona kwa bahati.

Kwa hiyo swali la kwanza si "nitarudije?" ila "niko kwenye njia ya nani?" Kila mwalo una njia zake, na wavuvi wa pale wanazijua kuliko ramani yoyote. Kabla ya siku ya kuvua, simama mwaloni asubuhi moja, Kasenyi, Ggaba au popote unapoingilia majini, uangalie boti zinakotokea na zinapokata kona. Kumbuka pia njia za vyombo vikubwa: feri ya Nakiwogo kwenda Lutoboka, ile ya Bukakata kwenda Luku, na meli za mizigo za Port Bell. Feri ina rada, lakini kayaki ya plastiki na mtu mmoja aliyelowa ni kitu kidogo mno kwenye kioo cha rada, na mawimbi kidogo tu hukifuta. Kiakisi cha rada kwenye mlingoti wa mita moja husaidia kidogo mbele ya feri. Mbele ya boti ya mukene hakisaidii chochote, kwa kuwa rada yenyewe hamna.

Ukungu wetu unatoka wapi? Maji ya ziwa yana joto la karibu nyuzi 25 mwaka mzima. Mvua ikinyesha jioni, kisha mawingu yakafunguka na upepo ukafa, nchi kavu hupoa haraka usiku. Hewa baridi hujaa kwenye mabonde ya mafunjo, halafu huteremka polepole hadi ziwani. (Watu wa Pwani neno umande hulitumia pia kwa upepo huo utokao bara alfajiri, na si vibaya tukiliazima.) Hewa hiyo baridi ikikanyaga maji ya vuguvugu, maji hufuka kama sufuria. Ndiyo maana ukungu huwa mzito ndani ya ghuba na kwenye midomo ya vinamasi, na hupungua unavyotoka nje. Jua likipanda, kwa kawaida saa 3 au saa 4 asubuhi umekwisha.

Ukungu wa bahari ni mnyama mwingine. Huko hewa yenye joto na unyevu hupita juu ya maji baridi, kama pwani ya Namibia ambako mkondo wa Benguela ni wa baridi. Upepo wa wastani hauufukuzi, huweza hata kuuongeza, na ukungu huo unaweza kukaa usiku na mchana. Wavuvi wa kayaki wa baharini wanafundishana kugeuza omo nyumbani dakika ile ile wanapoona ukuta mweupe, nao wako sahihi kwa bahari yao. Kuichukua kanuni hiyo nzima na kuileta ghuba ya Entebbe ni kosa. Hapa anayekimbilia mwaloni ndani ya ukungu anaingia pale pale boti zote zinapokutania. Mara nyingi kilicho salama ziwani ni kusogea kando na kungoja.

Dalili za usiku unaozaa ukungu ni rahisi: nyota zimejaa, majani yameloa chapachapa, na moshi wa jikoni unalala chini badala ya kupanda. Kama una intaneti, soma ripoti ya hali ya hewa ya uwanja wa ndege wa Entebbe, inayotafutwa kwa herufi HUEN. Tazama namba mbili zilizotenganishwa kwa mkwaju, kwa mfano 19/18. Ya kwanza ni joto la hewa, ya pili ni joto ambalo umande huanza kujikusanya. Zikikaribiana kwa nyuzi 2 au chini na upepo haupo, tarajia ukungu. Herufi BR ni ukungu mwepesi, FG ni ule wa kuona chini ya mita 1,000. Ukiona FG saa 11 alfajiri, kunywa chai kwanza. Samaki hatahama.

Sasa vifaa. Simu yenye ramani iliyopakuliwa hufanya kazi bila mtandao, kwa sababu setilaiti hazihitaji vocha. Weka alama ya mahali ulipoingilia kabla ya kusukuma kayaki, si baada ya ukungu kufika, maana kidole kilicholowa hakiamrishi kioo cha simu iliyo ndani ya mfuko wa plastiki. Kuna mtego wa kwetu hapa ambao vitabu vya Ulaya havina haja ya kuutaja: ikweta inapita ziwani kusini kidogo ya Entebbe. Ukimsomea mtu latitudo 0.05 ukasahau kusema kaskazini, yeye akaandika kusini, umempeleka kilomita 11 mbali na ulipo. Sema "kaskazini" au "kusini" kila mara, hata kama unaona inajulikana. Faida ya kukaa ikweta ni kwamba hesabu ni nyepesi: 0.001 ya digrii ni mita 111 hivi, uelekee kaskazini au mashariki.

Simu hufa, dira haifi. Lakini si kila dira. Iliyosawazishwa kwa ajili ya nchi za kaskazini ya mbali huinamisha ncha yake ya kusini ikifika huku, sindano ikagusa kioo na kukwama, nawe ukadhani umenyooka kumbe dira imelala. Dukani iweke sawa kiganjani, jizungushe mzunguko mzima taratibu, uone kama inaelea huru. Kwenye kayaki ifunge mbele ya miguu, angalau sentimita 40 kutoka kwenye simu, spika, nanga na boksi la ndoana za chuma.

Jaketi la kuokolea livaliwe, lisikaliwe. Filimbi ifungwe kwenye jaketi kwa kamba fupi inayofika mdomoni, na iwe ile isiyo na kipira ndani, kwani yenye kipira hukwama ikilowa. Filimbi ni ya kuita mwenzako. Kwa boti beba honi. Honi ya gesi ina nguvu lakini mkebe huisha na kuota kutu. Ile pembe ndefu ya plastiki ya mashabiki wa mpira inapiga kelele ya kutosha, inaelea, na haihitaji betri. Hucheka anayeiona kwenye kayaki, basi acheke.

Kuna adabu ya kupiga honi. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano majini za mwaka 1972 zinataka chombo chenye injini kinachosonga ndani ya ukungu kipige mlio mmoja mrefu wa sekunde 4 hadi 6, angalau kila dakika 2. Mrefu mmoja na mifupi miwili ni wa vyombo vya tanga, vinavyokokota vingine, au vinavyovua kwa zana zinazovizuia kugeuka. Fimbo yako na chambo kimoja havikufanyi chombo cha uvuvi kwa maana hiyo. Chombo cha chini ya mita 12 hakilazimishwi milio hiyo, ila lazima kitoe sauti nyingine inayosikika vizuri, nayo isipitishe dakika 2. Mimi ningepiga kila dakika moja pakiwa na injini karibu, kisha kimya, nisikilize. Kosa kubwa ni kupuliza bila kukoma: hofu inapokushika ndivyo unavyofanya, na mlio usiokatika ni ishara ya kuomba msaada. Usiitoe kama huhitaji.

Sauti ndani ya ukungu hudanganya upande. Usiifuate wala kuikimbia kwa mlio mmoja. Geuza kichwa, sikiliza mara tatu. Inayozidi kukua bila kuhama upande inakuja kwako.

Taa nyeupe inayoangaza pande zote iwe juu ya mlingoti nyuma yako, juu ya kichwa. Taa ya kichwani zima: ukungu hurudisha mwanga machoni na unabaki kuona ukuta wa maziwa. Ya mwanga mwekundu inatosha kusoma dira. Rangi ya kayaki nayo ina maana. Nyeupe na kijivu hupotea, na kijani hufanana na gugumaji. Chungwa au njano ndiyo ya kununua, na makafi yapakwe rangi hiyo hiyo, kwa sababu kafi linalopanda na kushuka ndicho kitu cha kwanza kuonekana.

Ukungu ukikukuta tayari uko nje, soma dira kwanza, kabla hata hujakunja kamba. Andika saa na uelekeo wa ukingo ulio karibu kwa kalamu ya risasi kwenye ubao wa plastiki. Ndipo ukunje fimbo zote, maana ndoana inayoburuzwa kati ya nyavu za watu itakushika pabaya zaidi. Halafu toka kwenye njia za boti kwa umbali mfupi kuliko wote, hata kama si upande wa nyumbani. Ukifika kwenye maji ya mita 1 hadi 2, kando ya mawe au ufuko wazi, teremsha nanga kwa kamba ya angalau mara tatu ya kina, ukiifunga omo au tezi. Ukiifunga ubavuni, wimbi moja la boti linakupindua. Mwisho wa kamba uwe na boya, ili uiachie kwa sekunde moja boti ikikujia.

Usijifiche kwenye mafunjo. Alfajiri viboko wanarudi majini kutoka malishoni, na njia zao hutokea hapo hapo. Kiboko aliyekutwa njiani ndani ya ukungu hakupi hata zile sekunde 6.

Kungoja kuna mwiko mmoja: radi. Dhoruba za ziwa hili hupenda usiku na kabla ya mapambazuko, na ndani ya ukungu huoni wingu linalokuja. Ukisikia mngurumo wa juu, shuka nchi kavu iliyo karibu, iwe ya nani. Na usingoje mpaka saa 5, kwani ukungu ukiondoka upepo wa kutoka ziwani huanza kuinua mawimbi.

Kama ni lazima uvuke, usilenge mwalo wenyewe. Tuseme uko kilomita 3, mwalo uko kaskazini. Kosa la nyuzi 5, ambalo kila mtu hulifanya, hukuweka mita 260 kando, na hutajua ni kushoto au kulia. Lenga makusudi nyuzi 10 magharibi ya mwalo. Ukigusa ukingo, mwalo uko kulia kwako, mita 500 hivi. Fuata ukingo huku nchi ikiwa mkono wa kushoto. Kwa mwendo wa kilomita 4.5 kwa saa, kilomita 3 ni dakika 40. Zikipita 50 bila ukingo, simama na uangalie simu; usizidishe kasia kwa matumaini.

Na ukigusa mafunjo, choma kafi chini kabla ya kushangilia. Ziwa hili lina visiwa vinavyoelea. Mwezi wa Aprili 2020 kimoja kiliburuzwa hadi kwenye mitambo ya umeme ya Nalubaale, Jinja, na nchi ikakaa gizani. Kisiwa cha namna hiyo ndani ya ukungu ni ukingo kamili kwa macho. Kafi likigusa matope thabiti, umefika. Likizama lote, huenda hicho ni kisiwa, nacho kinasafiri. Usikifuate.

Mkiwa wawili au watatu, kaeni umbali wa kusikiana kwa sauti ya kawaida, na ukungu ukizidi shikaneni ubavu kwa ubavu. Kayaki tatu zilizounganika huonekana kama kitu. Mtu wa nchi kavu awe na karatasi yenye mahali mlipoingilia, rangi za kayaki na saa ya mwisho ya kurudi, pamoja na maagizo ya wazi: ikipita saa nzima baada ya hapo bila simu, apige 999 au 112, asome latitudo na longitudo ya mahali mlipoingilia, na aanze na neno "kaskazini" au "kusini".