Kiprogramu changu cha stoo cha Windows kimekubali Linux, ila kimenitoa jasho

Basi bwana, kompyuta yangu ya kazi nilishaihamishia Linux zamani tu na mambo yakawa poa, kila nilichokuwa natumia nikakipatia mbadala, isipokuwa kiprogramu kimoja cha stoo. Ni cha enzi hizo, kimeandikwa kwa Visual Basic 6 ambayo yenyewe ilitoka 1998, aliyekiandika hapatikani, msimbo wake hakuna mwenye nao, na humo ndani kuna rekodi za mizigo za miaka na miaka ambazo siwezi kuzitupa. Kwa hiyo kwa ajili ya hicho kimoja tu nilikuwa nazima mashine, nawasha Windows, naingiza mzigo, nazima tena, narudi Linux. Kila siku hivyohivyo. Nikachoka, nikasema safari hii lazima kifunguke kwenye Wine.

Kwa asiyeijua, Wine ipo tangu 1993 na sio kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta. Kazi yake ni ukalimani: programu ikiomba kitu kwa lugha ya Windows, mfano kufungua faili au kuchora dirisha, Wine inaligeuza lile ombi palepale liwe la Linux. Ndo maana haiichoshi mashine. Sasa mkalimani akikutana na neno asilolijua hapo ndo utajua hujui.

Siku ya kwanza nikainstoli Wine fasta, nikabofya faili la exe mara mbili, kimya. Nikabofya tena, kimya, hata kidirisha cha erori hakuna. Nikafanya ujinga ambao naomba mtu asiige, nikaweka sudo (amri ya kuendesha kitu kwa mamlaka ya root, yaani msimamizi mkuu wa mashine) mbele ya wine nikidhani shida ni ruhusa. Matokeo yake nikajazwa mafaili ya root ndani ya folda ya .wine, ambamo Wine inaweka vitu vyake, na nikirudi kama mtumiaji wa kawaida naambiwa folda sio yangu. Folda yangu mwenyewe jamani! Bado sikukoma, nikaanza kumwaga kwa winetricks (kisaidizi cha kuiongezea Wine vipande vya Windows) kila kitu nilichokuta kinasifiwa mtandaoni, dotnet, mafonti, sijui nini, vyote kwenye folda moja, mpaka nikawa sijui kipi kimesaidia na kipi kimeharibu. Saa saba za usiku nikafuta yote nikalala.

Kesho yake ndo nikafanya ambacho ningeanza nacho: nikafungua terminali, nikaingia folda ya programu, nikaandika wine stoo.exe nikasoma inachosema. Mstari wa juu kabisa ulikuwa unaniambia wine32 haipo. Yaani jibu lilikuwepo tangu jana, mi nabofya tu! Programu ni ya biti 32 na mimi nilikuwa na Wine ya biti 64 peke yake. Kwa sisi wa Debian na Ubuntu, kuruhusu vifurushi vya biti 32 ni dpkg --add-architecture i386, halafu apt update, halafu unainstoli wine32.

Nikarudia, sasa skrini ikajaa mistari ya fixme. Hapo nikapoteza saa nzima nzuri nikiitafuta mmojammoja mtandaoni, kumbe fixme ni waandishi wa Wine wanajikumbusha wenyewe kwamba kipande fulani hakijakamilika, na mara nyingi programu inatembea nayo bila wasiwasi. Wa kumtafuta ni anayeanza na err, hasa yule wa kwanza, maana wanaofuata huwa ni watoto wake. Wa kwangu ulikuwa huu:

err:module:import_dll Library MSVBVM60.DLL (which is needed by L"C:\\Stoo\\stoo.exe") not found

Na chini yake namba c0000135. Imekutajia kinachokosekana na imekutajia nani anakihitaji, unataka nini tena? MSVBVM60 ndio injini ya Visual Basic 6, bila hiyo kile kiprogramu ni maiti. Kwenye winetricks inaitwa vb6run.

Safari hii lakini sikugusa .wine, nikakijengea chumba chake chenyewe: WINEPREFIX=~/.stoo WINEARCH=win32 wineboot. WINEPREFIX ndo folda ya chumba, WINEARCH ndo inasema kiwe cha biti 32 au 64. Kikiharibika nafuta folda moja, basi, wengine hawaguswi. Angalizo, hiyo WINEARCH inafanya kazi folda ikiwa haijazaliwa bado, ukiiweka kwenye folda ambayo tayari ni ya biti 64 inakataa, na Wine za karibuni zilizojengwa kwa mtindo mpya wa WoW64 (wa kuendesha programu za biti 32 ndani ya Wine ya biti 64) zinaikataa win32 kabisa.

Nikaweka vb6run, kikafunguka! Dirisha la kijivu, nembo, sehemu ya nywila. Nikaingiza nywila, kikanitolea Run-time error 429, haiwezi kuunda ActiveX, yaani kijenzi fulani cha Windows kinachohitajika hakipo. Nilitaka kulia. Ila nikakaa nikawaza, kwa nini kife baada ya nywila na sio kabla? Kwa sababu hapo ndo kinaenda kufungua hifadhidata, na hifadhidata yenyewe ni faili la mdb (la Access ya Microsoft), kwa hiyo inahitaji Jet, injini ya kulisoma. Winetricks, jet40, tukaingia ndani. Mizigo yote ipo.

Nikashangilia mapema. Nilipopitia orodha nikaona mzigo wa tarehe 5 mwezi wa 3 umeandikwa mwezi wa 5 tarehe 3, na ya tarehe 13 na kuendelea iko sawa. Hii ndo iliyonitisha kuliko zote, maana haina erori, ingenyamaza tu huku naharibu rekodi. Wine inachukua mpangilio wa tarehe kutoka lugha ya mfumo, na mashine yangu ilikuwa kwa Kiingereza cha Marekani kinachotanguliza mwezi. Nikatengeneza en_GB.UTF-8 (mpangilio wa Uingereza, unaotanguliza tarehe) na kuweka LC_ALL, kigezo cha lugha ya mfumo, iwe hiyo mbele ya amri ya kuwashia, zikakaa sawa. Shukuru nilikuwa nafanyia kazi kopi ya mdb, sio lenyewe.

Ikabaki mizani. Inatuma uzito kwa waya wa siriali kupitia adapta ya USB, na programu inaruhusu kuchagua bandari za siriali COM1 hadi COM4 tu. Nikaangalia ndani ya ~/.stoo/dosdevices kwa ls -l, nikakuta Wine imeipa ile adapta com33! Com za mwanzo zimewekewa bandari za ttyS, zile za siriali za kwenye mashine yenyewe, ambazo mi hata sina. Dawa yake ni regedit (kihariri cha sajili ya mipangilio ya Windows), HKEY_LOCAL_MACHINE\Software\Wine\Ports, unaongeza string inaitwa COM1 yenye thamani /dev/ttyUSB0, halafu wineserver -k ili iamke upya. Ikagoma tena, ila hii niliijua, nilikuwa simo kwenye kundi la dialout, lile la watumiaji wenye ruhusa ya bandari za siriali. Nikajiongeza, nikatoka na kuingia, nikaweka boksi juu ya mizani, na namba ikajiandika yenyewe kwenye kile kiboksi cha uzito. Nilinyanyua lile boksi na kuliweka tena kama mara sita hivi, raha tu.

Printa sikuisumbukia hata dakika, Wine inazisoma zile zilizomo kwenye CUPS, mfumo wa printa wa Linux, ikamaliza.

Sa hivi nina kiskripti kifupi kinachokopi mdb pembeni, kinaweka LC_ALL na WINEPREFIX, halafu kinawasha programu. Mwezi wa pili huu. Ile patisheni ya Windows bado sijaifuta, roho haijakubali.