Haikuwa gesi: tulivyovuka na mtoto mwenye ugonjwa wa Hirschsprung

"Mtoto anayenyonya anaweza kumaliza wiki bila choo, mama, ni gesi tu, usijipe presha." Kila niliyemwona aliniambia hivyo, na bado naudhika. Ni kweli kwa mtoto wa miezi kadhaa ambaye tumbo ni laini na anacheka. Wangu alikuwa mchanga, tumbo limejaa hadi ngozi inang'aa, tena ameanza kutapika kijani. Matapishi ya kijani kwa kichanga ni ya kukimbilia hospitali saa ileile, kwani huenda utumbo umejisokota na kukosa damu.

Daktari bingwa wa upasuaji wa watoto aliuliza swali moja: kile choo cheusi cha kwanza alikipata lini? Watoto wengi waliotimiza miezi yao hukipata ndani ya saa 24, na zikipita 48 lazima achunguzwe. Wangu alizimaliza hizo 48 bila choo. Nililisema tangu wodi ya wazazi nikaambiwa nisubiri.

Alipigwa picha, kisha kikachukuliwa kinyama kidogo ndani ya njia ya haja kubwa. Sehemu ya mwisho ya utumbo wake ilizaliwa bila chembe za neva, kwa hiyo hailegei kupitisha choo. Huo ndio ugonjwa wa Hirschsprung; humpata takriban mtoto 1 kati ya 5,000, wavulana zaidi. Ndiyo maana dawa za kulainisha nilizopewa mwanzoni hazikufua dafu: choo chake kilikuwa laini tayari, mlango ndio uliogoma kufunguka.

Wakati tukisubiri upasuaji nilifundishwa kumsafisha utumbo nyumbani, na hapa najivunia. Unaingiza mpira laini uliopakwa jeli kwenye njia ya haja kubwa, unasukuma maji ya chumvi ya hospitali kidogo kidogo kwa sirinji, unachomoa sirinji na kuyaacha yatoke yenyewe. Yasiwe maji ya kawaida, mwili huyafyonza na kuvuruga chumvi za damu. Mwanzoni yaliingia yakagoma kutoka, mtoto analia, mimi natetemeka. Nesi akanionyesha: usivute kwa sirinji, rudisha mpira nyuma kidogo, uzungushe taratibu, huku mkono mwingine unakanda tumbo kutoka juu kushuka upande wa kushoto. Hewa ikatoka kwa kishindo, choo kikafuata, na tumbo likashuka nikiliona kwa macho! Tangu hapo nilipasha chupa ya maji kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, nikafunga plasta kwenye mpira pale nesi alipopima, na nikapima maji yaliyotoka yalingane na yaliyoingia. Nilimsafisha kabla ya kunyonya, la sivyo angetapika. Tumbo nililipima kwa utepe usawa wa kitovu nikaandika. Daktari aliyaamini maandishi yale kuliko maelezo yangu.

Upasuaji uliondoa kipande kisicho na neva, utumbo wenye neva ukashushwa na kuunganishwa chini. Akawa anapata choo mara nyingi mno, makalio yakachubuka. Mafuta mazito yenye zinki, yapakwe kabla ngozi haijawa nyekundu.

Wasichokwambia mapema ni kwamba utumbo unaweza kuwaka uvimbe hata baada ya upasuaji. Homa, tumbo kujaa na choo cha kuruka chenye harufu kali vikija pamoja, nampeleka usiku huohuo, na anayenipokea akisema ni kuhara tu, namtajia jina la ugonjwa na kuomba aitwe daktari wa upasuaji.