Saa Ile Ile, Jua Tofauti: Siku Yangu Moja Kigoma

Saa 12:00 asubuhi. Kengele ya simu inalia na nje bado ni giza. Mombasa, tulikotoka miezi minne iliyopita, saa kama hii watu hutembea bila tochi. Lakini Kigoma, ingawa inafuata saa ile ile, iko magharibi zaidi kwa takriban nyuzi 10 za longitudo, kwa hiyo jua hutufikia yapata dakika 40 baadaye. Mume wangu aliwaeleza watoto hesabu hiyo kwa chungwa na tochi, na bado binti yetu wa darasa la tano anashikilia kwamba kumwamsha mtu usiku ni uonevu.

Saa 1:10. Tunateremka kuelekea shuleni. Bibi wa nyumba ya pili hutuamkia kwa Kiha, "Mwakeye!", nao wanangu humjibu "Shikamoo, bibi," akaridhika.

Saa 2:00. Nafika kazini. Ninaandaa nyaraka za forodha za mizigo inayovuka Ziwa Tanganyika kwenda Bujumbura na Kalemie, kazi niliyoifanya miaka mingi kwenye bandari ya bahari. Karatasi ni zile zile, ila hapa baadhi ya mizigo huja kwa Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, na meli ikichelewa, mteja hupiga simu kana kwamba mimi ndiye nahodha.

Saa 5:30. Taa zinazimika. "Stima imepotea," nikasema, kama tunavyosema Kenya, na mzee mmoja wa ghalani akauliza kwa hofu ni meli gani hiyo. Tulicheka sana. Tulipokuwa tukifunga mizigo Mombasa niliwaambia ndugu zangu kwamba lugha haitatusumbua hata kidogo, na tangu siku hiyo nimejifunza kusema umeme, kulipa ada badala ya karo, na kupanda daladala.

Saa 10:30 jioni. Napitia soko la Mwanga kununua migebuka na chupa ya mawese. Bado nakadiria bei kwa kugawanya kwa 20 ili nipate shilingi za Kenya, tabia ambayo mume wangu ameniomba niiache kwa sababu inanifanya nione kila kitu ni rahisi. Yeye ndiye mpishi siku hizi. Alifundisha hisabati kwa miaka 12, lakini aliingia nchini kama mtegemezi wangu, na hawezi kuajiriwa mpaka apate kibali chake mwenyewe cha kazi. Katika maandalizi yetu yote tulihesabu nauli, kodi ya nyumba na sare za shule. Hatukuhesabu jinsi mwanamume aliyezoea kuitwa "mwalimu" kuanzia asubuhi hadi jioni atakavyojisikia akiwa nyumbani peke yake na sufuria.

Saa 1:30 usiku. Kazi za shule. Binti yetu amezungumza Kiswahili tangu alipoanza kusema, ila hesabu zote alifundishwa kwa Kiingereza, na wiki za kwanza alirudi na madaftari yaliyojaa alama nyekundu kwa maswali ambayo angeyajibu usingizini. Leo swali linataka Kigawe Kidogo cha Shirika cha 12 na 18. Baba yake anasoma mara mbili, anakuna kidevu, kisha anaandika 6.

"Hicho ni kigawo kikubwa, baba," anasema binti. "Kigawe ni 36. Usichanganye."

Mdogo wake anacheka hadi anakaripiwa. Mimi najifanya naosha vyombo.

Saa 3:15. Mwezi haupo, na taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa ziwani. Mbalamwezi ikiwa kali hupumzika, kwa kuwa dagaa hawafuati taa. Natoka barazani kumwita mume wangu azitazame. Yuko mezani na kitabu cha hisabati cha darasa la tano, akinakili maneno kwenye daftari alilolipigia mstari katikati, na aliponisikia akaliwekea mkono juu.