4,294,967,297 inavunjika kwa kalamu na karatasi tu

Kuna namba naipenda sana na leo lazima niiandike: 4,294,967,297. Huku Mtwara msimu wa korosho ukifunguliwa tunasikia mabilioni ya mnadani mpaka tumezoea, ila hii bilioni nne na ushee sio ya kuipita hivihivi.

Inapatikana hivi, chukua 2 uizidishe yenyewe kwa yenyewe mpaka zitimie mbili 32, halafu ongeza 1. Pierre de Fermat, Mfaransa, kazi yake sheria na hesabu alikuwa anafanya kwa mapenzi tu, aliona ukiweka kipeo 1, 2, 4, 8 na 16 unapata 3, 5, 17, 257 na 65,537, zote namba tasa, basi akaamini kipeo 32 nacho kitatoa tasa. Hiyo ni 1640 huko. Mwaka 1732 Leonhard Euler, mwanahesabu wa Uswisi, akaonyesha inagawanyika kwa 641, jibu 6,700,417, na hakuna simu wala kalkuleta enzi hizo jamani!

Sasa utamu wenyewe huu hapa, hata huhitaji kugawa. 640 imepungua 1 kufika 641, kwahiyo kwenye mabaki ya 641 (yani tunaangalia tu kinachobaki ukigawa kwa 641) tunaihesabu kama hasi 1, na ukizidisha 640 nne (640×640×640×640) baki ni 1. Lakini 640 ni 5 mara 128, kwahiyo hizo nne ni sawa na 625 mara 2 kipeo 28. Haya angalia 625, imepungua 16 kufika 641, na 16 ni 2 kipeo 4, weka hasi 16 pale penye 625 unapata hasi 2 kipeo 32. Yani hasi 2 kipeo 32 ina baki 1, kwahiyo 2 kipeo 32 ukiiongezea 1 inagawanyika kwa 641 bila baki. Imeisha! Mistari minne ya daftari, mtoto wa form two anaifuata vizuri kabisa, na mimi nasema aonyeshwe kabla hajakariri kwamba hesabu ni fomula.

Na 641 haikuokotwa. Kigawo chochote cha namba hii (ukiacha 1, hiyo ni ya kila mtu) lazima ukikigawa kwa 64 kibakize 1, kwahiyo tasa za kujaribu ni 193, 257, 449, 577, halafu 641 yenyewe, ya tano tu.

Mpwa wangu hapa Chikongola sasa anataka ajue kama 6,700,417 nayo inavunjika. Sheria ni ileile ya 64, na hakuna haja ya kuvuka 2,588 maana hapo ndo kipeuo chake cha pili kinapoishia, kwahiyo baada ya kurudia 641 zinabaki 769, 1153, 1217, 1409, 1601 na 2113 basi. Zote zikigoma, ni tasa. Saa hizi yupo kwenye 1217, anagawa kwa mkono, simu amezima.