Siku Mbili na Kioo, Shela

Basi liliondoka Mombasa usiku haujaisha, na mpaka tunafika Mokowe nilikuwa nimeonyesha kitambulisho mara nyingi hata nambari yake nimeikariri. Tulipopita Gede nilikumbuka kwamba katika mahame yale zilifukuliwa shanga za kioo zilizoletwa kwa bahari. Nikacheka peke yangu: na mimi naenda baharini kufuata kioo. Boti ya kwanza ikanifikisha Lamu, ya pili Shela. Punda waliobeba matofali hawakunipisha.

Tulikuwa wanafunzi watano katika ua wa nyumba ya mawe, chini ya mwarobaini. Nilidhani tutapuliza kioo kwa mrija, kama nilivyoona kwenye runinga. Kumbe hapa vipande hupangwa vikiwa baridi, kimoja juu ya kingine, kisha huingizwa katika joko la umeme vikashikane.

Jumamosi yote ilikwisha kwenye kukata, ingawa kioo hakikatwi hasa. Unakikwaruza kwa kalamu yenye kigurudumu kilichotiwa mafuta, halafu unakivunja kwa vidole gumba viwili, nacho kinafuata mkwaruzo. Mara moja tu. Ukirudia pale pale unaharibu kigurudumu, na kioo kinakwenda kitakako. Mkwaruzo mzuri hutoa sauti nyembamba, kama leso mpya inapochanwa. Wangu ulilia kama kijiko kinachokwangua ukoko. Niliharibu vipande saba ndipo nikapata pembetatu, na hiyo nayo haikuwa ile niliyoikusudia.

Tulipanga tabaka mbili za milimita 3, kwa sababu kioo kikiyeyuka sawasawa hutaka kutulia kwenye unene wa milimita 6 hivi. Tabaka moja peke yake hujivuta kingo. Changu kilikuwa kisahani: mawimbi ya buluu na tanga jeupe.

Ujanja ndio ulioniponza. Asubuhi nilikuwa nimeokota ufukweni kigae cha chupa cha kijani kilicholainishwa na mchanga. Bi Fundi alishatuonya tusichanganye vioo, maana kila kimoja kina kiasi chake cha kutanuka kwa moto na kusinyaa kikipoa. Nilisikia vizuri sana. Lakini kijani kile! Alipogeuka kumimina chai, nikakipachika chini ya tanga.

Joko liliwashwa baada ya Magharibi. Joto hupandishwa taratibu hadi kama nyuzi 800 za Selsiasi, likakaa hapo dakika chache, kisha hushushwa na kushikiliwa karibu na 510 ili kioo kipumzike kabla ya kupoa usiku kucha. Nililala darini nikiitazama taa ya jirani. Maadamu inawaka, joko nalo linapika.

Jumapili vilitoka vyote vinang'aa, na changu kizima. Nikashusha pumzi. Tukiwa kwenye mahamri na mbaazi kikalia "ti!" mezani, na ufa ukapita kando ya kile kijani, ukakigawa kisahani pande mbili.

Bi Fundi akavaa miwani, akainama, akakigusa kwa ncha ya kidole.

"Hii tupa."

Nikakichukua haraka, huyoo pipani. Wenyeji wakaangua kicheko mpaka chai ikamwagika. Kwa Kiamu, Kiswahili cha Lamu, chupa ni tupa. Mama wa watu alikuwa anataja kosa langu tu, hakuniamuru chochote.

"Ndoo, mwanangu, keti," akasema, yaani njoo, huku akijifuta machozi. "Umeiokota wapi?"

Nikamwambia. Akaniongeza hamri.

Jumatatu alfajiri nilivuka na vile vipande viwili nimevifunga ndani ya leso. Mokowe askari akafungua mkoba, akavigeuza geuza, akauliza ni kitu gani.

"Tupa," nikamjibu, najiona mwenyeji.

Akanionyesha pipa la taka.