Mstari Mmoja Uliotoweka

Leo asubuhi imeingia barua pepe: jina la tovuti (domain) ya ile nyumba ya wageni ya Sipi, Uganda, lile la .co.ug, linaisha muda baada ya siku 30. Kila mwaka ikija namwona tena Mzee, mwenye nyumba hiyo niliyemjengea tovuti, amesimama nyuma ya kiti changu pale Mbale, Novemba 2022.

Jina tulilisajili Machi, asije mtu akatutangulia. Likakaa tupu hadi Septemba. Laiti siku ileile ningeweka ukurasa mmoja tu, wenye jina, namba ya simu na njia ya kufika, kisha niwaombe waongoza watalii waweke kiungo chake kwenye tovuti zao! Roboti za Google, programu zinazozunguka mtandaoni kusoma kurasa, hufuata viungo. Jina lisilo na ukurasa wala kiungo hazina pa kulipitia.

Wakati wa kujenga niliifunga tovuti mara mbili, Google isiionyeshe kabla haijakamilika. Kwenye robots.txt, faili linaloziambia roboti wapi zisipite, niliandika Disallow: /, yaani zisisome chochote, na kwenye mipangilio ya WordPress, programu niliyojengea tovuti, nikatia alama kile kisanduku cha kuzuia injini za utafutaji, ambacho huweka noindex, amri ya kutoorodhesha, ndani ya kila ukurasa. Tulipozindua, vyote viwili vikabaki.

Hata hivyo Google ilionyesha kitu: mstari mmoja, anwani bila maelezo yoyote. Anwani iliiona kwenye tovuti ya mtu mwingine, ila kuisoma ilikatazwa. Nikafuta Disallow, nikamwahidi Mzee siku chache.

Siku ya tisa akaja na simu mkononi. "Kijana wangu, hata ule mstari mmoja umeondoka."

Nikatafuta mwenyewe. Hakuna. Umeme ulikuwa umekatika, jenereta ya jirani inanguruma, betri ya kompyuta inaelekea kuisha. Nikafungua chanzo cha ukurasa, yaani msimbo wake, nikashuka mstari baada ya mstari, Mzee akipumua begani mwangu. Nikaikuta hapo juu kabisa: meta, robots, noindex. Mikono ikaniganda. Roboti iliyozuiwa mlangoni haiwezi kusoma katazo lililoandikwa ndani. Mimi ndiye niliyeifungulia mlango, ikaingia, ikalisoma, ikatii.

Mzee akavuta kiti, akaketi. Hakusema neno.

Niliondoa alama. Faili la wp-sitemap.xml, ramani ya kurasa za tovuti, ambalo WordPress hulificha kisanduku kikiwa na alama, likafunguka. Nikathibitisha umiliki kwenye Search Console, huduma ya Google kwa wenye tovuti, kwa rekodi ya TXT (maandishi mafupi) katika DNS, mipangilio ya jina la tovuti, nikawasilisha ramani ile, nikaomba ukurasa wa mbele uorodheshwe. Siku ya sita ukaonekana, na maelezo yake yote.

Lakini wageni wa Krismasi walikuwa wameshapanga kulala kwingine.

"Ila jina tulisajili mapema, sivyo?" Mzee aliniuliza siku ile akiondoka. Mpaka leo sijajua kama alikuwa ananifariji au ananidai jibu.

Nimelipia jina miaka mitatu. Kisha nimefungua chanzo cha ukurasa, nikakisoma kuanzia juu.